Mchora ramani aliyefuta mfereji wa kwao

Jua ndiyo kwanza linachungulia upande wa pili wa bonde, na Bi Rula amepiga magoti juu ya tuta, shavu lake linakaribia kugusa udongo, jicho moja amelifumba. Asiyemjua angedhani mama wa watu ameangusha hereni. Wakulima wanaokwenda shambani na majembe begani hawashangai. Wanamsalimia, wanamkwepa, wanaendelea na safari zao.

"Usinipitie mbele, mwanangu," anamwambia mmoja wao. "Unanikanyagia kivuli."

Kivuli chenyewe ni chembamba, na mgeni anahitaji kuelekezwa kwa kidole mara mbili tatu ndipo akione. Zamani hapa palipita mfereji. Uliachwa, ukajaa matope, ukalimwa juu kwa miaka mingi mpaka ukasahaulika. Kilichobaki ni kibonde kisichozidi kina cha kiganja. Mchana huwezi kukiona hata ukikodoa macho. Asubuhi, jua likiwa bado liko chini na mwanga unakuja wa ubavuni, kibonde hicho hutupa kivuli kwa muda mfupi, kisha kinapotea.

Bi Rula anainuka, anachomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu kukifuata kile kivuli, haraka haraka kama mtu anayefukuza kuku. Akimaliza anajipangusa magoti na kucheka.

"Umri huu ningekuwa napigiwa magoti mimi," anasema. "Lakini ona, mimi ndiye ninayeyapigia mashamba ya watu."

Kazi yake ni kuchora ramani ya bonde hili la umwagiliaji kama lilivyokuwa zamani, kabla ya mfereji mkuu wa zege kujengwa: mifereji ya mikono, milango ya maji ya mbao, na mipaka ya mashamba ya watu ambao wengi wao sasa wako makaburini. Amefanya kazi hiyo kwa miaka tisa, kwa miguu, katika uwanda ulionyooka kiasi kwamba mtu akikohoa mwanzo wa bonde, aliye mwisho anamwambia pole.

Hakusomea ramani. Alianza kama mwandika vibao. Chama cha wakulima kinachosimamia maji kilikuwa kinatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri wa kupaka namba kwenye milango ya maji, naye mwandiko wake ulikuwa wa kuliringia. Alikuwa amefika mlango wa katikati ya bonde ilipogundulika kwamba ramani pekee ya ofisi imeliwa na mchwa. Walikuwa wamekula kuanzia mtoni wakashuka nayo taratibu hadi mashamba ya chini.

"Mwenyekiti akaniuliza, wewe unayejua kupaka rangi, huwezi kutuchorea nyingine? Nikamwambia naweza. Nilikuwa siwezi," anakiri. "Nilijifunza nikiwa nimeshapewa kazi. Wengi wetu ndivyo tulivyojifunza hata ndoa."

Ofisi yake ni kona ya ghala la chama, kati ya magunia ya mbolea na mashine ya kupulizia dawa ambayo haijafanya kazi tangu inunuliwe. Meza yake ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Tundu la kitasa bado lipo, na ndimo anamochomeka penseli. Rula yake ya mbao, iliyompa jina, ameipimia ramani, ameikorogea chai, na siku moja aliifukuzia bata aliyeingia ghalani na kutembea juu ya wino mbichi. Nyayo mbili za bata huyo zimo kwenye ramani hadi leo, upande wa mashariki, na wakulima wa upande huo wanadai ni visima.

Posho yake ni ndogo kuliko ya mlinzi wa lango, jambo ambalo mlinzi wa lango haachi kumkumbusha. Watoto wake wamekwisha kuwa watu wazima na kila mmoja kwa wakati wake amemwambia aache. Haachi.

"Mtu akifa bondeni huku, anaondoka na mfereji mzima kichwani," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hatanii. "Mimi nikisikia kengele ya msiba, Mungu anisamehe, kabla sijalia najiuliza kama nilikwisha kwenda kumwona."

Ana njia tatu za kuutafuta mfereji uliokufa. Ya kwanza ni kuwauliza wazee. Ya pili ni kivuli cha asubuhi. Ya tatu ni rangi ya mimea, kwani pale palipopita mfereji pana tope laini lililolala chini, na mvua zikichelewa, mahindi yaliyo juu ya tope hilo hubaki ya kijani wakati wenzao wanapauka. Kisha, kabla ya kuchora kwa wino, huupima mstari kwa mpira wa maji. Ni ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wanaoutumia mafundi ujenzi kupata usawa wa ukuta. Watu wawili hushika ncha mbili, kila mmoja na fimbo yake yenye uzi mwekundu uliofungwa kiunoni mwa fimbo. Maji ndani ya mpira husema kweli. Yakipanda juu ya uzi wa aliye mbele, ardhi inashuka kwake. Yakishuka chini ya uzi, ardhi inapanda.

Kwa miaka mingi ramani hiyo ilikuwa kitu cha kutazama na kusifia. Kisha mto ukaanza kupungua. Mashamba yaliyo mkiani, mwisho kabisa mwa maji, yakawa yanapata zamu ya maji na hayapati maji. Mwaka huu chama kikaamua kufufua mifereji ya zamani, na ili watu wasigombane kikapitisha sheria moja: mfereji wowote ulio kwenye ramani ya Bi Rula utachimbwa upya, hata kama leo umelala chini ya mazao ya mtu. Mkutano wa kuipitisha ramani ukapangiwa siku. Mstari wa penseli ukawa na nguvu ya katapila.

"Nilianza kusalimiwa na watu ambao hawajawahi kunisalimia," anasema. "Maembe niliyoletewa msimu huo ningeweza kufungua genge."

Sasa, kwao Bi Rula ni mkiani.

Shamba la baba yake liko mwisho wa bonde, na baada ya kaka yake kufariki linalimwa na mjane wake, yaani wifi yake Bi Rula, mwanamke mwembamba mwenye mdomo mwepesi anayelea watoto wanne na kumtunza mama mkwe wake aliyeanza kupoteza macho. Wifi hao wawili hupendana kwa kutukanana. Msimu uliopita mpunga wa wifi ulikauka ukiwa na mimba. Kama mwaka huu nao hautapata maji, alikuwa amekwisha sema, atalikodisha shamba na kuwachukua watoto na mama kwenda kutafuta kibarua mjini.

Kati ya shamba hilo na maji liko shamba la jirani. Watu wanamwita Bwana Tuta kwa sababu kila mwaka huinua matuta yake kidogo zaidi, hadi sasa, kwa maneno ya wifi, ukitaka kumsalimia lazima uweke ngazi. Bwana Tuta na marehemu kaka yake Bi Rula waligombana zamani kwa ajili ya ng'ombe walioingia shambani, na ugomvi huo haukuzikwa na marehemu.

Mahindi ya Bwana Tuta yaliyo sehemu ya katikati ndiyo yaliyoonyesha. Mvua zilipochelewa, ukatokea mstari wa kijani uliokolea, ukapita shambani mwake umenyooka, ukaelekea moja kwa moja kwenye shamba la mkiani. Bi Rula aliuona akiwa amesimama mlangoni kwa mama yake.

"Nilipiga kelele," anakumbuka. "Nikamwambia wifi, tulikuwa na mfereji! Baba alikuwa na mfereji wake! Akaja mbio na mwiko mkononi. Tulikumbatiana pale, unga ukanijaa mgongoni."

Siku hiyo hiyo aliuchora, kwa penseli, lakini aliukandamiza. Habari zikamfikia Bwana Tuta kwamba shamba lake litapasuliwa katikati. Hakuja kulalamika. Aliinua matuta.

Ilibaki kupima. Hapo ndipo Bi Rula, anayewapima watu wote, alipotaka kujipunguzia, asipime. Alikuwa na uhakika, anasema, na muda ulikuwa mdogo. Lakini mkono ulipofika kwenye chupa ya wino ukawa mzito. Akachukua mpira, akaenda kwa wifi yake wakati Bwana Tuta ameshinda sokoni, akamwomba amshikie ncha ya pili.

Wanavyoisimulia siku hiyo, kila mmoja anamkata mwenzake maneno.

"Tulianza vizuri," anasema Bi Rula. "Nikamwambia tangulia. Maji yako wapi? Akasema, kwenye uzi."

"Kwenye uzi kabisa."

"Tukasogea. Yako wapi?"

"Chini ya uzi, kidole kimoja," anasema wifi. "Nikadhani nimeishika fimbo vibaya."

"Nikamwambia simama vizuri."

"Nikamwambia nimesimama, au unataka nikae?"

Wakasogea tena. Vidole vitatu chini ya uzi. Wakasogea. Kiganja kizima. Shamba lile kwa macho ni sawa kama meza, lakini mpira haukuwa na macho ya kudanganywa. Ardhi ilikuwa inapanda, kidogo kidogo, kuelekea nyumbani. Palikuwa na mwinuko katikati ya mahindi ya Bwana Tuta, na mstari wa kijani ulipita juu yake bila wasiwasi wowote na kushuka upande wa pili.

Maji hufuata mkondo. Hakuna mfereji duniani uliowahi kupanda mwinuko.

Walisimama pale, mmoja huku na mwingine kule, mpira ukining'inia kati yao. Wifi ndiye aliyezungumza kwanza.

"Nilimwambia, mimi nimeshika mpira tu, dada. Sijaona kitu." Anatazama chini anaposema hivyo. "Sikuwa natania."

"Nilijua hutanii," anasema Bi Rula.

Jioni hiyo walimkuta mama ameketi kizingitini, wakamuuliza juu ya ule mstari. Mama alicheka mpaka akakohoa. Hiyo, alisema, ni njia ya ng'ombe wa baba yenu. Kila siku alikuwa anawapitisha hapo kwenda kunywa mtoni, na kila siku walikuwa wanaacha mbolea yao. Haya mahindi yanamkumbuka baba yenu kuliko ninyi.

"Kwa nini hukusema, mama?" binti akauliza.

"Umewahi kuniuliza? Unazunguka bonde zima kuuliza wazee wa watu. Mimi nikadhani unaandika mambo makubwa."

Kinyozi hajinyoi. Bi Rula anasema alitamani ardhi impasukie.

Lakini mama hakuwa amemaliza. Maji yalikuwa yanafika, alisema, na mpunga ulikuwa unakubali. Hayakuja kwa mfereji. Baba yake Bwana Tuta alikuwa na majaruba ya mpunga yanayouzunguka ule mwinuko kwa chini. Akishanywesha yake, alikuwa anafungua kilango kwenye kona ya mwisho ya tuta, kipana kama jembe tu, na maji yaliyobaki yanateremka kwao. Hakuwa analipwa. Wakati wa palizi, watu wa chini walikuwa wanapanda kumsaidia kupalilia, halafu kila mtu anarudi kwake. Hakuna aliyechimba chochote, hakuna aliyeandika chochote. Wazee walipokufa, vijana wakagombana, na tuta likazibwa.

Kwa hiyo hakukuwa na cha kuchora. Kisheria, shamba la mkiani halikuwahi kuwa na maji yake. Lilikuwa na jirani mwema.

Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Wanaosema hivyo hawajawahi kulima mwisho wa mfereji. Bi Rula alikaa mbele ya ile meza ya mlango siku mbili bila kugusa kitu. Kuacha mstari ulivyo kulimaanisha watoto wa kaka yake wabaki. Wa kujua walikuwa wanawake watatu, na mmoja hakuwa anaona vizuri.

"Watu wanapenda kusikia kwamba sikutetereka," anasema. "Nilitetereka sana. Nilimpenda wifi yangu kuliko hiyo ramani, na bado nampenda. Lakini nikafikiri, huu ukiwa wa uongo, na ule wa fulani je? Kila niliyemwambia shamba lake halina mfereji atanijia na kuniambia, kwako uliupata wapi? Na atakuwa na haki."

Akaufuta. Kwa kuwa alikuwa ameukandamiza, karatasi ilibaki na kovu.

Wifi alinuna. Alimpikia mama, alifua, alilima, na wifi yake akija alimwekea kiti na kuondoka zake. "Nilikuwa na haki ya kununa," anasema. "Ningekuwa simpendi nisingenuna."

Siku ya mkutano ghala lilijaa. Bi Rula alitundika ramani, akaitaja mifereji yote, mmoja baada ya mwingine, na mwisho akasema kwamba ule wa mkiani unaopita kwa Bwana Tuta si mfereji. Ni njia ya ng'ombe wa baba yake mzazi. Alikosea, ameufuta, na anaomba radhi. Watu walicheka, mtu mmoja akalia kama ndama, na kicheko kikaanza upya.

Mwenyekiti wa chama, mzee mpole anayependa mambo yaishe mapema, aliuliza swali ambalo angeweza kuliacha. "Sasa mpunga wa baba yako tuliokuwa tunauona pale ulikuwa unakunywa nini? Umande?"

Akaeleza habari za kilango. Alimtaja baba yake Bwana Tuta kwa heshima zote, na kusema kwamba pale kwenye kona ameweka nukta tatu za penseli, kwa kuwa mstari hawezi kuuweka.

Bwana Tuta alisimama nyuma kabisa. "Nukta zina sheria?" akauliza.

"Hazina, kaka," Bi Rula akajibu. "Mstari unachimbwa mtu apende asipende. Nukta hazimlazimishi mtu."

"Basi vizuri," akasema, akavaa kofia yake, akatoka. Ramani ikapitishwa kwa mikono yote isipokuwa mmoja. Wifi hakunyoosha wake.

Wiki iliyofuata alianza kufunga mizigo. Alikuwa juani anaanua nguo za safari alipokanyaga matope. Aliangalia angani, hakukuwa na wingu. Akayafuata yale matope hadi kona ya juu ya shamba, na pale, chini ya tuta la jirani, maji yalikuwa yanaingia taratibu kutoka kwenye upenyo mpya, mpana kama jembe.

Alikimbia mpaka ghalani, njia nzima, na nguo mbichi bado begani, wakalia wote wawili juu ya mbolea.

Bwana Tuta, alipofuatwa kwa ajili ya makala haya, alikanusha kila kitu. "Mimi sijafungua mtu maji," alisema, akiangalia pembeni. "Ni fuko. Fuko wa huku wanatoboa sana."

"Fuko huyo ana jembe," anasema wifi, "na amepanga mawe pembeni ili tuta lisibomoke. Mungu ambariki."

Palizi ilipofika, wifi aliamka na watoto wake wanne, akapanda kwa Bwana Tuta, akaanza kupalilia bila kuitwa. Bwana Tuta alimwangalia kwa muda, kisha akamletea maji ya kunywa. Hawakuzungumza habari za ng'ombe. Siku chache baadaye alionekana ghalani kwa Bi Rula, mara yake ya kwanza, na kofia mkononi. Alikuwa na ombi. Zile nukta zikiandikwa jina, liwe la baba yake, lisiwe lake. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo tu, akaweka kidole kwenye ramani, kona ya juu ya shamba lake mwenyewe. Hapa pia, alisema, palikuwa na kilango. Aliye juu yake alikuwa anamwachia baba. Kilizibwa yeye mwenyewe akiwa bado kijana.

Hiyo ndiyo kazi aliyonayo Bi Rula sasa. Anataka kupanda na bonde, shamba kwa shamba, akiulizia vilango vyote hadi mtoni, na safari hii anaanzia majumbani, kwa wanawake waliobaki nyumbani wakati wanaume wakigombea mifereji. Chama hakijamwongezea posho. Mwenyekiti amemwongezea penseli.

Anatumaini kumaliza kabla ya msimu mpya, ingawa anajua hatamaliza. "Wengine watakataa, na nitaweka nukta zao vile vile," anasema. "Ili wakibadili mawazo wasihangaike kutafuta mahali."

Jioni anaibeba ramani hadi kwao, amwonyeshe mama kabla ya kuitia wino. Mama haoni tena kitu kidogo kama nukta, kwa hiyo binti anamshika kidole na kukitembeza juu ya karatasi: hapa mto, hapa mfereji mkuu, hapa kwa jirani, hapa kilango. Kidole kinateremka polepole na kusimama.

"Ndipo hapa kwetu?" mama anauliza.

"Ndipo hapo, mama."

Mama anapapasa, anazunguka mipaka, anakunja uso.

"Mbona padogo hivi?"

"Padogo," wifi anaitikia kutoka jikoni, "lakini pana maji."